Hela ya Mikwaju Isigawanywe

Leo nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu baka zambarau kwenye vitunguu, maana picha mlizonitumia WhatsApp wiki hii ni nyingi na nyingine zinatisha. Naomba mnivumilie, hiyo itafuata. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili, na nikiliacha wiki moja zaidi litakuwa limeshaamuliwa.

Wale wa kata yangu mnalijua. Kwa wasiojua: pembeni mwa soko letu kuna kiwanja cha eka mbili na robo hivi chenye mikwaju minne mikubwa. Si kiwanja cha kijiji. Kilikuwa cha mzee mmoja ambaye maisha yake yote hakumzuia mtu kukaa pale. Siku ya gulio ndipo akina mama wanaposubiri gari, watoto wanapocheza, na nyie mnapojilaza chini ya mkwaju mkingoja dalali apige simu. Mzee alifariki mwaka juzi. Watoto wake wanagawana mirathi na wameamua kuuza. Bei waliyotupa ni milioni 14, na walituanza sisi kwa heshima ya baba yao. Mtu wa nje angetajiwa zaidi. Tukakubaliana tukinunue kiwe cha watu wote. Bustani ya kupumzikia, watoto wapate pa kuchezea, miti iachwe ilivyo na mingine iongezwe.

Utaratibu wa kuchanga mliubuni wenyewe vijana, na niseme wazi kwamba ulikuwa mzuri kuliko ule niliokuwa nao kichwani. Elfu moja kwa kila gunia la kitunguu linalopakiwa, inakatwa palepale kwenye gari kabla hela haijaingia mfukoni. Vikundi vitatu, vijana 64. Msimu mmoja ukatoa milioni 3 na laki 9. Wenye maduka wakatoa milioni 1 na laki 1. Wazaliwa wa hapa walioko Dar na Dodoma wakatuma milioni 2 na laki 6. Jumla milioni 7 na laki 6 ziko benki. Tumeshavuka nusu.

Halafu bei ya kitunguu ikaanguka. Jumapili kwenye kikao kijana mmoja ninayemheshimu sana, mkulima hodari kweli, akasimama akasema hela ya magunia irudishwe, tugawane, tuingie nayo msimu mpya. Wengi wakapiga makofi. Kisha akanigeukia mimi mbele ya watu: "Bwana shamba, wewe si ndiye unatufundisha kwamba eka isiyozalisha ni hasara? Leo unataka tununue eka mbili za kukaa tu?"

Swali la haki. Pale sikulijibu vizuri, nilibabaika. Nalijibu hapa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo lugha yetu. Milioni 3 na laki 9 ukigawa kwa watu 64 kila mtu anapata elfu sitini na mia tisa na ushee. Hiyo ni kama mfuko mmoja wa mbolea, au mafuta ya pampu ya siku chache. Si hela ya kudharau, na najua kuna mwenzetu ambaye wiki hii elfu sitini ni kila kitu. Huyo nitamrudia hapo chini. Lakini haiokoi msimu wa mtu. Mwenye eka moja ya kitunguu anajua mbegu peke yake inakula kiasi gani, kabla hujalipa mtu wa kupandikiza wala wa palizi. Hela ileile ikibaki pamoja ni zaidi ya robo ya bei ya kiwanja. Na msifikiri za maduka na za wazaliwa wa mjini zitabaki zinatusubiri. Wale walitoa kwa sababu waliona nyie mmetoa. Mkichomoa zenu, na wao watachomoa, na safari nyingine hata simu hawatapokea.

Sasa hilo la eka isiyozalisha. Hapa inabidi nikiri jambo.

Miaka sita iliyopita uwanja wa mpira wa kijiji, ule wa karibu na mfereji, uligeuzwa mashamba ya kukodisha. Aliyesimama mkutanoni na kueleza kwamba udongo wake unafaa na maji yanafika ni mimi. Nilileta hadi makadirio ya magunia kwa eka. Na makadirio yalikuwa sahihi, uwanja ule unatoa mpaka leo, kodi yake imesaidia shule. Kitu ambacho sikukiandika kwenye makadirio ni kwamba watoto wangehamia barabarani, kucheza katikati ya fuso na bodaboda, na kwamba timu ya kata ingekuwa inakwenda kuomba uwanja kijiji jirani. Sikukiandika kwa sababu kwenye fomu zetu hakuna safu ya hicho. Kuna gharama ya mbegu, dawa, vibarua, mavuno, faida. Basi. Hakuna aliyenilaumu, lakini kila nikipita pale jioni najua nilichofanya.

Kwa hiyo msinisikie kama mtu wa mjini anayependa maua. Mimi kazi yangu ni kuongeza magunia. Nasema kwamba kilimo chetu cha biashara ndicho kilichomaliza maeneo ya wazi hapa. Tumelima mpaka kwenye ukingo wa barabara, njia za ng'ombe zimekuwa matuta, na miaka kumi iliyopita nani angewaza kuuza eka mbili za mikwaju kwa milioni 14? Ardhi hii imepata bei kwa sababu ya vitunguu vyenu. Walioipandisha bei ndio wenye uwezo wa kununua kipande chake kikaachwa. Bibi anayeuza maandazi gulioni hawezi, na mwanafunzi wa darasa la tatu hawezi.

Na sitawadanganya kwamba bustani itapandisha bei ya kitunguu. Haitapandisha. Kuna mtu kwenye kikao alijaribu kupita njia hiyo, ati wageni watakuja, biashara itachangamka. Labda, labda isiwe hivyo. Mkinunua kwa kutegemea faida, mtakuja kuiuza siku faida ikikosekana. Wazo lingine lilikuwa tuache kununua, bustani tuiweke bure kule kando ya mto. Nalo hapana. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kila anayelima bondeni anajua masika maji yanafika wapi. Kule tupande miti, ndiyo, tena tumechelewa. Lakini mtoto wa miaka minne humpeleki kucheza kule.

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho nimekuwa nikikisoma, na ndicho kilichonifanya niseme isigawanywe hata kama tutakaa miaka bila kuweka benchi moja.

Watumwa wa jimbo la Texas walitangaziwa uhuru tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Lincoln kutoa tamko lake. Wengi walikuwa watu wa mashamba, wamezaliwa kwenye pamba na wamefanyishwa kazi bila ujira. Walipoachiwa hawakupewa ardhi wala fidia. Walitaka kila mwaka waisherehekee siku hiyo, lakini maeneo ya umma hawakuruhusiwa kuyatumia. Sasa mwaka 1872, miaka saba tu baada ya kuachiwa, watu hao katika mji wa Houston walichanga dola 800 hivi wakanunua eka 10. Waliongozwa na mchungaji Jack Yates, naye aliyekuwa mtumwa, pamoja na viongozi wenzake, na makanisa mawili, moja la Kibaptisti na lingine la Kimethodisti, ndiyo yaliyobeba mchango huo. Eneo wakaliita Emancipation Park, yaani bustani ya ukombozi.

Hebu tulieni na hiyo dola 800. Ni dola 80 kwa eka, kwa watu ambao miaka minane kabla ya hapo wao wenyewe walikuwa wakiuzwa. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kusema hela yangu irudi ninunue jembe, ninunue nyumbu, nilipe deni la mbegu. Na ingekuwa sababu ya kweli.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni inayofuata, ambayo haina sherehe. Baada ya kununua hawakuwa na hela ya kuendeleza. Kwa miaka mingi eneo lile lilitumika zaidi kwa siku ile moja ya Juni. Siku nyingine ni uwanja tu. Naamini kuna waliopita wakasema ona, eka 10 zimekaa bure. Zaidi ya miaka 40 baadaye wakalikabidhi kwa jiji likawa bustani ya umma rasmi, na kuanzia 1922, kwa karibu miaka 20, ndiyo ilikuwa bustani pekee ya jiji ambayo watu weusi wa Houston waliruhusiwa kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 likajengwa jengo la michezo na bwawa la kuogelea. Baadaye ikachakaa, wakazi wakaunda kikundi cha kuipigania, ikakarabatiwa kwa zaidi ya dola milioni 30 na kufunguliwa upya mwaka 2017. Ipo mpaka leo. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwepo. Jengo unaweza kulijenga mwaka wowote. Eka 10 katikati ya Houston leo hakuna mchango wa kanisa unaoweza kuzinunua, kama ambavyo mikwaju hii ikishakuwa ghala hatutainunua tena.

Ila kuna upande wa pili, nao msiufumbie macho. Katika mji wa Austin, jimbo hilohilo la Texas, watu weusi nao walichanga mwanzoni mwa karne ya 20 wakanunua ardhi kwa ajili ya sherehe hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mamlaka ya nyumba ya mji ikaitwaa kwa nguvu ya sheria, ikajenga nyumba za serikali za kupangisha, Rosewood Courts. Walilalamika, haikusaidia. Kwa hiyo kuchanga na kununua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo nataka wale waliopiga makofi Jumapili wanisikilize hata kama hatukubaliani kwenye mengine.

Mwaka 2013 nilikuwa kituo kingine cha kazi. Tulichanga laki nane tukanunua kiwanja kidogo cha watoto kuchezea. Mkataba wa mauziano ukaandikwa jina la mwenyekiti wa kamati, "kwa muda", mpaka tutakapokamilisha taratibu. Aliyeuandika kwa mkono wake ni katibu, na katibu nilikuwa mimi. Mwenyekiti hakuwa mwizi, naomba hilo lieleweke. Alifariki ghafla, watoto wake wakakuta karatasi yenye jina la baba yao, wakauza. Pale sasa pana nyumba ya kulala wageni. Kuna mama mmoja aliyetoa elfu tano kati ya zile laki nane, kila nikikutana naye ananisalimia halafu ananiuliza, "Na kile kiwanja chetu?" Hasemi kwa ubaya. Ni afadhali angenitukana.

Kwa hiyo safari hii hakuna shilingi inayotoka benki kwa karatasi ya "kwa muda". Wanaouza ni warithi, maana yake anayesaini ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya uteuzi kutoka mahakamani, siyo kaka mkubwa kwa sababu ni kaka mkubwa. Barua hiyo tuione kwa macho, tuitoe kopi. Majirani wa mipaka yote minne waje siku ya kupima, waweke saini. Mnajua kwamba kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na tunachouziana ni haki ya kuitumia. Na kwenye ardhi ya kijiji mauziano hayo lazima yapite Halmashauri ya Kijiji. Basi yapite, na muhtasari wa kikao uandikwe.

Halafu hatua ambayo wengi wanairuka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya jumuiya. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaidhinisha, na eneo linaingizwa kwenye rejista ya ardhi ya jumuiya pamoja na matumizi yake. Likishaingia pale si la mwenyekiti, si la vikundi vyenu vitatu, wala si la bwana shamba. Mtu akitaka kuligawa inabidi arudi mbele ya mkutano mkuu, mbele ya wale akina mama wa maandazi. Nitawapa mfano wa kilichokosekana kwangu 2013: tulikuwa na mkataba mzuri wenye mihuri, lakini jambo lenyewe halijawahi kusomwa kwenye mkutano mkuu hata mara moja. Mihuri mitatu na hakuna shahidi.

Na kwa kuwa soko letu linakua na maneno ya kuwa mji mdogo yameshaanza, lazima eneo lionyeshwe kama eneo la wazi kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji sasa hivi, ili wapima wa mipango miji watakapokuja walikute limeandikwa. Serikali ina uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, hiyo ni sheria tangu 1967 na siipingi. Lakini ni vigumu zaidi kutwaa kwa manufaa ya umma kitu ambacho karatasi zote zinasema tayari ni cha umma. Wale wa Austin wangenielewa.

Turudi kwa mwenzetu mwenye shida wiki hii. Pendekezo langu Jumamosi litakuwa hili. Kwanza ile elfu moja kwa gunia isimame mpaka bei ipande. Kumkata mtu anayeuza kwa hasara ni ukatili na itawafanya wapakie usiku wakwepe. Asiyeweza kabisa kuendelea arudishiwe kiasi chake, kimyakimya, jina lisisomwe mkutanoni, na milango isifungwe kwake baadaye. Naamini watakuwa wachache kuliko makofi ya Jumapili. Kisha twende kwa familia na nusu ya bei mkononi, milioni 7, tuombe mkataba wa kulipa nusu iliyobaki baada ya mavuno mawili, wenye kipengele cha kurudishiwa endapo wao watauza kwingine. Nimezungumza na binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, na hakukataa. Alisema, "Kaka, nileteeni kwa maandishi." Laki sita zinazobaki zilipie gharama za kupima na za karatasi.

Benchi? Hapana, bado. Geti la chuma ambalo fundi wetu ameshalichorea na kulipigia hesabu ya milioni 2? Hapana kabisa. Kijana aliyependekeza kibanda cha chipsi katikati, nakupenda ila hapana. Tukipata eneo, mwaka wa kwanza tupande uzio wa minyaa kuzunguka, hautuli hela na mbuzi hawaugusi. Tuongeze miarobaini upande wa barabara wa kuzuia vumbi, miembe mitatu minne upande wa bondeni, na tusiweke mikaratusi hata mtu akituletea bure. Kila kikundi kipewe miche yake ya kumwagilia kiangazi cha kwanza, hapo ndipo tutajua nani ana maneno na nani ana ndoo. Mikwaju ile minne haihitaji chochote kutoka kwetu zaidi ya kutokatwa.

Msimamizi wa mirathi ametupa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Kuna mnunuzi mwingine, wa ghala, ambaye Jumanne alionekana anapima kwa hatua kutoka mkwaju wa kwanza hadi barabarani, na aliyekuwa naye alikuwa na kipande cha chaki. Huyo hana haja ya mkutano mkuu kufanya uamuzi wake.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, palepale chini ya mikwaju. Daftari la michango litakuwa mezani, kila mtu aangalie jina lake na kiasi chake, akiona kosa aseme. Mimi nimeongeza laki mbili juu ya zile za mwanzo, risiti namba 71. Yule kijana aliyeniuliza swali nimemwomba aongoze kikao, amekubali, na ameniambia bado hajabadilisha msimamo.

Kuhusu baka zambarau, ni wiki ijayo. Kwa sasa ondoeni masalia ya msimu uliopita shambani, myachome au myafukie mbali, kabla hamjagusa dawa yoyote.